Kusaga luva za bafuni ziwe za ukungu, kwa mkono au kwa upepo

Kioo cha ukungu, au frosti kama mafundi wa aluminiamu wanavyokiita, hakijaongezewa kitu ndani. Ni kioo kilekile cha dirisha, ila uso wake umekwaruzwa kwa makusudi mpaka ukaacha kuwa laini. Kioo laini hurudisha mwanga kidogo tu, kama asilimia 4 kwa kila uso, na karibu wote uliobaki hupita moja kwa moja. Ndiyo maana aliye nje humwona aliye ndani. Uso ukishajaa vishimo vidogo visivyohesabika, kila kishimo hupinda mwanga kivyake: nuru inaingia chumbani lakini picha imevurugika njiani. Bafu linabaki na mwanga wake wa mchana bila pazia, na pazia la bafuni Dar es Salaam hushika kuvu hata kabla masika hayajaisha.

Kuna jambo moja ambalo ukilielewa mapema utaepuka makosa mengi. Ukungu huo unategemea kukutana kwa kioo na hewa. Hewa hupinda mwanga kwa kipimo cha 1, maji 1.33, kioo cha dirisha kama 1.52. Maji yakijaza vile vishimo, tofauti kati ya kioo na kilichokigusa inapungua sana, mwanga unanyooka tena, na kioo kinarudi kuwa angavu mpaka kikauke. Jaribu kwa kidole kilichochovywa majini ukiguse kioo chochote cha frosti: pale ulipogusa utaona ng'ambo. Mafuta ya ngozi hufanya vivyo hivyo, na yenyewe hayakauki. Kwa hiyo kabla ya kununua hata gramu moja ya unga wa kusagia, amua kwanza ni upande upi utakaosagwa.

Upande upi usagwe

Madirisha ya luva, yale ya vipande virefu vya kioo vinavyopangana, hufunguka kwa ubavu wa chini kwenda nje. Luva ikiwa wazi, uso wake wa nje unatazama juu, nao ndio unaopokea vumbi la barabara, mvua, na chumvi ya bahari kwa nyumba za Msasani, Kunduchi au Kigamboni. Uso uliosagwa hushika uchafu kuliko uso laini, na kuusafisha ni kazi. Kwa sababu hiyo, kwa nyumba nyingi ni bora kusaga uso wa ndani.

Isipokuwa pale ambapo maji ya kuogea hulifikia dirisha. Wengi hapa huoga maji ya baridi, hivyo mvuke si tatizo kubwa. Tatizo ni maji ya kopo au ya bomba la mvua yanayorukia ukutani. Simama bafuni, oga kama kawaida, kisha angalia matone yamefika wapi kwenye kioo. Kama nusu ya chini ya dirisha imelowa, saga uso wa nje kwa luva hizo za chini, na wa ndani kwa za juu. Ukitazama kwa mbali hutaona tofauti. Lakini kama upande huo wa nyumba hauna upenu na mvua za vuli hupiga moja kwa moja, luva za chini zenye ukungu wa nje nazo zitakuwa angavu mvua ikinyesha. Hapo dawa ya kufukuza maji, iliyoelezwa mbele, si ya hiari tena.

Kusaga pande zote mbili hatukushauri. Unapata ukungu mzito zaidi, lakini unapoteza uso mmoja laini wa kushikia na kufutia, na kioo kinadhoofika bila sababu.

Kioo kinachofaa na kisichofaa

Luva za kawaida ni kioo cha milimita 5 au 6, upana wa inchi 6 au 4, na karibu zote hazijapitishwa kwenye moto wa kukazia. Hizi zinasagika vizuri. Kioo kilichokazwa kwa moto, ambacho huwa na chapa ndogo pembeni, kiache. Nguvu yake inatokana na ngozi yake ya juu iliyobanwa, na ukiichimba sana kinaweza kupasuka chote kwa mara moja, pengine siku nyingine kabisa wakati hakuna anayekigusa.

Vioo vya kung'aa kama vile vya maghorofa ya maofisi vina utando mwembamba upande mmoja. Kuujua upande huo, gusisha ncha ya penseli kwenye kioo. Kama ncha na kivuli chake ndani ya kioo vimekutana bila nafasi, huo ndio upande wa utando, usiusage. Kama kuna nafasi kati yao, uko upande wa kioo kitupu.

Pitisha ukucha kwenye kingo zote nne. Luva yenye pengo dogo ukingoni au mstari wa ufa, hata wa milimita 3, iweke kando. Kioo kilichosagwa kina nguvu ndogo kuliko kilichokuwa laini, kwa kuwa kila mkwaruzo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, na pengo la ukingoni likiongezwa juu yake unajitafutia damu. Kwa sababu hiyohiyo usisage kwa mkono kioo cha ngazi, cha kizuizi cha roshani wala cha meza ya kubeba vyombo.

Namba ya chenga

Unga wa kusagia unaotafutwa ni silikoni kabaidi, ule wa kijivu cheusi unaometameta. Ni mgumu kuliko kioo kwa mbali sana, na hauyeyuki wala kuoza, kwa hiyo mabaki ya kazi ya mwaka jana bado ni mazima. Namba ikipanda, chenga zinapungua. Namba 120 ina chenga za takriban mikroni 110 (mikroni 1,000 ni milimita moja), namba 220 kama mikroni 60, namba 400 kama 17, na namba 600 kama 9. Angalia usichanganye namba za unga na namba za msasa wa maji wa mafundi rangi wa magari. Msasa namba 400 una chenga za mikroni 35 hivi, kubwa mara mbili ya unga wa namba hiyohiyo.

Chenga kubwa hutawanya mwanga kwa upana zaidi, kwa hiyo huficha vizuri zaidi. Watu wengi hudhani kinyume, kwamba ukungu laini kama hariri ndio unaoficha. Sivyo. Kioo kilichomalizwa kwa namba 600 kinapendeza kwenye kabati la sebuleni, lakini bafuni mtu aliye karibu na kioo bado ataonekana umbo na hata rangi ya taulo. Namba 120 nayo ina ubaya wake: vishimo vyake ni virefu, povu la sabuni hukaa humo na kugeuka utando wa kijivu. Kwa bafu, namba 220 peke yake, mwanzo hadi mwisho, ndiyo inayofaa.

Unga huu hutafutwa kwa wanaouza vifaa vya kusagia terazo na marumaru, na kwenye maduka ya vifaa ya Kariakoo na Gerezani. Ukikosa kabisa, nenda kwenye maduka ya spea za magari uulize dawa ya kusagia valvu. Kopo lake huwa na pande mbili, wa chenga kubwa na wa chenga ndogo. Tumia ule wa chenga kubwa. Inafanya kazi, ila nyingi zimechanganywa na grisi, na utatumia muda mrefu kuiondoa kwa mafuta ya taa na kisha sabuni. Ikibaki kidogo tu, mahali hapo patabaki angavu.

Vya kuandaa

Kwa luva nane za sentimita 15 kwa 60, kilo moja ya unga namba 220 inatosha, kwa makadirio ya gramu 100 kwa kila luva. Tafuta pia kipande cha kioo cha milimita 6, sentimita 10 kwa 10, ambacho ndicho kitakuwa jiwe lako la kusagia: kioo husagwa kwa kioo kingine, unga ukiwa katikati. Kibandike kwa gundi ya silikoni juu ya kipande cha mbao cha kushikika vizuri mkononi, ukiache usiku mzima kikauke. Zungusha pembe zake nne kwa msasa zisiwe kali. Pembe kali ndiyo inayochora mistari mirefu usiyoweza kuifuta tena.

Vingine ni msasa wa maji namba 220 karatasi mbili, ndoo mbili, sponji, brashi ya kufulia, kijiko cha chai, spiriti, wembe, miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, na ubao mnene usiopinda wenye blanketi kuukuu au mpira juu yake. Chupa ndogo yenye kitundu kwenye kifuniko, ya kudondoshea maji, inasaidia kuliko inavyoonekana.

Maji ya kusagia yanaweza kuwa ya kisima, hata yenye chumvi. Maji ya kusuuza mara ya mwisho ndiyo yasiwe ya chumvi. Mitaa mingi ya Dar inatumia visima vyenye maji ya chumvi, na yakikaukia juu ya uso uliosagwa huacha unga mweupe ndani ya vishimo, madoa ambayo kitambaa hakiyafikii. Tumia maji ya mvua, au yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi: ni mvuke wa hewani uliopoa, hauna chumvi, na humwagwa bure kila siku. Yachuje vumbi kwa kitambaa safi.

Kusaga kwa mkono

Toa luva moja moja kutoka kwenye vishikio vyake, ukiandika namba kwa kalamu ya wino mzito upande usiosagwa, maana vishikio vya zamani hupinda na kila luva huzoea mahali pake. Osha kwa sabuni, kwangua rangi na silikoni kwa wembe ulioulaza karibu na kioo, futa kwa spiriti.

Kabla ya kugusa unga, vunja ukali wa kingo. Lowesha msasa namba 220, uzungushie kijiti, pitisha kwenye kila ukingo kwa pembe ya nyuzi 45 mpaka upate mteremko wa kama milimita moja. Ni dakika tano tu na wengi huziruka. Usipofanya hivyo, vipande vidogo vya ukingo vitang'oka katikati ya kazi, vitaingia chini ya jiwe lako, na kila kimoja kitachora alama ya msumari kutoka ubavu hadi ubavu.

Laza luva juu ya blanketi lililoloweshwa ili isiteleze. Weka kivulini, jua la Februari hukausha uji wa unga kabla hujamaliza mzunguko mmoja, na unga mkavu hautembei, unaburuta. Weka kijiko kimoja cha chai cha unga, kama gramu 7, na maji kiasi hichohicho. Kinachotakiwa ni uji mzito wa kupakazika. Maji yakizidi, chenga zinaelea kando na kutoka. Yakipungua, jiwe linanasa.

Weka jiwe juu ya uji, sogeza kwa mwendo wa namba 8, duara ndogo zinazopandana, ukianzia ncha moja kwenda nyingine. Usilikandamize. Uzito wa mkono wenyewe, kilo mbili hivi, unatosha, kwa sababu chenga ndizo zinazokata kwa kubingirika kati ya vioo viwili. Ukikandamiza, zinaacha kubingirika na kuanza kuchora. Ukifika ukingoni, usiruhusu zaidi ya theluthi moja ya jiwe kutoka nje ya luva. Likining'inia zaidi linainama, na utapata ukingo uliochimbika na katikati iliyobaki nyuma.

Sikiliza. Mwanzoni sauti ni ya mkwaruzo mkali, kama kukanyaga changarawe. Baada ya dakika nne au tano inalegea na kuwa kama mnong'ono: chenga zimevunjikavunjika, hazikati tena. Sukuma tope hilo kwenye ndoo, weka kijiko kipya. Luva moja huhitaji vijiko 12 hadi 15, yaani saa moja au zaidi kidogo. Kazi ya dirisha zima ni ya siku mbili kwa mtu mmoja, na mabega yatakwambia. Zungusha luva nusu duara kila baada ya vijiko vitatu, ili ule upande ambao mkono wako huelemea usichimbike zaidi.

Ukaguzi usifanye kioo kikiwa kibichi. Kibichi chote ni angavu, huoni kitu. Suuza, kausha mpaka kiwe kavu kabisa, kishike mbele ya kitu cheusi na taa ikimulika kutoka ubavuni. Sehemu iliyoiva ni nyeupe sawasawa. Sehemu isiyofikiwa inaonekana kama madoa meusi au nyota ndogondogo. Kwa kawaida ziko kwenye pembe na katikati, kwa sababu kioo chenyewe hakijanyooka kwa asilimia mia. Yazungushie kwa kalamu upande wa nyuma, rudi hapo kwa kijiko kimoja, kisha malizia kwa kupita luva yote ili pasibaki kiraka.

Mwisho sugua kwa brashi na sabuni ya vyombo, upande wa ukungu na kingo zote, suuza kwenye ndoo ya pili, kisha miminia maji yasiyo na chumvi na uisimamishe ikauke yenyewe. Usifute kwa kitambaa. Nyuzi zake zinanaswa. Tope la kioo na unga lisimwagwe kwenye sinki wala kwenye shimo la bafu, hujikusanya kwenye kona ya bomba na kugandamana kama saruji. Acha ndoo itulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, tope lifunge kwenye mfuko na ulitupe.

Kwa mtindo huu wa maji hakuna vumbi, na hilo ndilo jema lake kubwa. Usijaribu kusaga kikavu ili kuokoa muda. Usitumie pia mashine ya msasa ya umeme juu ya kioo kilicholowa: volti 230 na maji mkononi havichezewi. Ya upepo, ile ya mafundi rangi, inafaa kwa msasa wa maji namba 120 kisha 220, mradi uidondoshee maji muda wote, lakini huacha vizunguko vinavyoonekana jua likipiga ubavuni.

Mistari mirefu inayoonekana baada ya kukauka husababishwa na moja kati ya matatu: chenga kubwa iliyochanganyika, kipande cha ukingo, au mchanga kutoka mikononi. Mstari mfupi hupotea kwa vijiko viwili vitatu vya ziada. Unaoshika ukucha hautapotea, na kushusha luva nzima mpaka chini ya mstari huo si kazi ya mkono. Badilisha luva.

Kazi ya upepo

Kama ni nyumba nzima, au unataka maua na maandishi, peleka kwa fundi anayepiga kioo chenga kwa upepo wa kompresa, ile mashine ya kukandamiza hewa. Kazi ya saa moja ya mkono kwake ni dakika chache. Lakini matokeo yanategemea vitu ambavyo mteja anayejua kuuliza huvipata na asiyejua hukosa.

Kwanza ni kile kinachopigwa. Kisiwe mchanga wowote, wa mto wala wa ufukweni. Mchanga ukigonga kioo kwa kasi hiyo hupasuka kuwa vumbi laini la silika linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa wake, silikosisi, huua polepole, na kitambaa cha usoni hakiuzuii. Wa ufukweni unaleta pia chumvi ndani ya mashine. Chenga zinazofaa ni za oksidi ya alumini namba 150, ndani ya kabati lililofungwa lenye kinyonya vumbi, na fundi akivaa barakoa ya chujio inayobana uso. Ukikuta kijana anapiga mchanga uani bila chochote usoni, usimpe kazi hiyo, mwambie na sababu. Anayeumia si yeye tu, ni kila anayepita.

Pili ni hewa. Kwa ukungu wa juujuu, shinikizo la bar 2.5 hadi 3 linatosha kabisa. Tundu la milimita 4 kwenye bomba la kupigia, kwa shinikizo hilo, hula zaidi ya lita 500 za hewa kwa dakika, wakati kompresa ndogo ya nguvu za farasi 2 hutoa kama lita 150 hadi 200 tu. Matokeo yake fundi anapiga nusu dakika, shinikizo linaanguka, anaendelea hivyohivyo, na kioo kinatoka na mabaka, hapa kizito hapa chepesi. Kwa kompresa ndogo tundu liwe la milimita 2.5 au dogo zaidi, na asimame kila sindano ya kipimo cha shinikizo ikishuka.

Unyevu nao, hasa hapa pwani. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 ina maji kama gramu 23 kwa kila mita moja ya ujazo. Kompresa inayovuta lita 500 kwa dakika na kuzikandamiza kwa bar 7 inaacha zaidi ya nusu lita ya maji ndani ya tangi kwa kila saa, hewa ikishapoa. Maji hayo yakisafiri kwenye mpira wa hewa, chenga zinagandamana, zinatoka kwa kukohoa, na kila kikohozi ni doa. Tangi lifunguliwe chini kila nusu saa, chujio la maji liwe mwisho wa mpira karibu na mashine badala ya kufungwa kwenye kompresa yenyewe, na chenga zianikwe juani kwenye sinia kabla ya kazi.

Bomba la kupigia likae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye kioo, likikielekea karibu moja kwa moja, lisitulie mahali pamoja hata sekunde moja. Pitia mistari ya kwenda na kurudi, kila mmoja ukifunika nusu ya uliopita, kisha rudia yote kwa kukata msalaba. Kwa maua au maandishi, stika ya kawaida ya kukatia herufi inavumilia ukungu wa juujuu, kama imebanwa vizuri kwenye kingo kwa ukucha. Ikianza kunyanyuka, shusha shinikizo na usogee mbali kidogo. Michoro ya kuchimba kwa kina inataka stika ya mpira mnene, na si ya kioo cha milimita 5.

Tindikali na stika

Kuna watu humwagia kioo maji ya betri wakitarajia kitapata ukungu. Hakipati. Asidi ya betri haili kioo; maabara huihifadhi kwenye chupa za kioo. Utakachopata ni mikono iliyoungua na fremu ya aluminiamu iliyoliwa. Asidi inayokula kioo ni ya haidrofloriki, na viwanda huitumia kutengeneza frosti laini sana. Hiyo isiingie nyumbani kwa namna yoyote. Hupenya ngozi, maumivu huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hukamata kalsiamu ya mwilini, na sehemu ndogo tu iliyoungua inaweza kuusimamisha moyo. Krimu za kuchorea kioo hufanya kazi kwa chumvi za familia hiyohiyo. Kwa luva nane hazina sababu.

Stika ya frosti ni jibu zuri kwa mpangaji, maana hutoka. Ibandike ndani, juu ya kioo kilicholoweshwa kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo kwa lita moja, na usukume maji kutoka katikati kwenda nje kwa kipangusio cha mpira. Acha pengo la milimita 2 kila ukingo isianze kubanduka. Kwenye kioo kipana hukaa miaka. Kwenye luva haidumu, kwa kuwa mikono hushika kingo kila siku na joto hulainisha gundi.

Baada ya kazi

Shika luva mpya kwa glavu safi au kwa kingo tu. Alama za vidole zikitokea, sugua kwa sabuni ya vyombo na brashi laini, suuza, acha ikauke. Usiifute kwa gazeti wala kwa kitambaa chenye mafuta.

Ile dawa ya kufukuza maji inayopakwa kwenye vioo vya mbele vya magari husaidia sana uso uliosagwa: maji hujikunja kuwa matone badala ya kutandaa, na mafuta ya vidole hayanati. Kioo kiwe kikavu kabisa, ipakwe nyembamba, ifutwe mara moja. Ikiachwa nene inajaza vishimo na ukungu unafifia, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Rudia maji yakiacha kujikunja.

Kama luva hazirudishwi dirishani siku hiyohiyo, zisimamishe kwa ukingo, karatasi kavu katikati ya kila mbili, mahali pasipovuja. Vioo vilivyobanana huku maji yakiwa katikati hujila vyenyewe. Sodiamu hutoka kwenye kioo, maji yanakuwa kama magadi, nayo huacha madoa ya rangi ya upinde wa mvua yasiyotoka kwa sabuni. Wakati wa masika wiki chache zinatosha. Maji ya saruji hufanya hayohayo kwa haraka zaidi. Kama kuna fundi anayepiga plasta karibu, funika dirisha, na tone likiruka lisuuze kabla halijakauka.

Zikishafungwa zote, subiri giza liingie. Mtu mmoja awashe taa na kusimama bafuni akiwa amevaa nguo zake, mwingine atoke nje na kutazama kutoka barabarani na kutoka dirisha la jirani. Kioo cha ukungu huvuruga kilicho mbali nacho, lakini kilichokigusa huonekana, na aliye hatua mbili hutupa kivuli juu yake kama taa iko nyuma yake. Kivuli hicho kikionekana, usiongeze ukungu. Hamisha taa uiweke kwenye ukuta uleule wa dirisha, juu yake, ili mwanga utoke dirishani kwenda kwa mtu. Kivuli kitaangukia ukuta wa ndani.